Kahawa ya Ma Kokubelwa Ilipoona Kiu

Haya, sogeeni, nyie mnaobeba mabomba ya plastiki mepesi kama kofia! Na wewe wa mlangoni ingia, mbu wanakumaliza. Nataka niwaambie tulivyopigana na wadudu wa kahawa enzi za Mwingereza. Atakayesema naongeza chumvi, sawa, chumvi ni yangu na mboga ni yangu.

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya kilimo pale Bukoba mjini kabla jogoo hajaamka. Nyapara, msimamizi wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya ng'ombe dume, hakunitazama uso. Alinitazama miguu.

"Unajua kusoma?"

"Hapana, nyapara."

"Unajua kubeba?"

"Hata nyumba."

Akanitwisha bomba la shaba mgongoni. Jamani! Nilikuwa nikikanyaga mjini, watu wa Kashozi wanasikia ardhi inatikisika. Unalijaza maji na dawa ya pareto, yale maua meupe yaliyosagwa. Mkono mmoja unapampu, mwingine unashika mpira, unapuliza majani kwa chini. Chini, si juu! Mdudu si mjinga, hakai juani. Tangu siku hiyo jina alilonipa baba likafa. Nikawa Bomba.

Adui yetu alikuwa kunguni wa kahawa. Si yule wa kitandani, yule mpole. Huyu ana mabaka ya rangi ya chungwa mgongoni, anachomeka mdomo kwenye tunda changa, ananyonya, tunda linaanguka. Ukimbinya ananuka mpaka unasahau jina la mama mkwe.

Nilianzia Kashozi. Huko akina mama walitoka kanisani wakanikuta nimelaliwa na bomba, wakaanza kuniombea kama marehemu. Baadaye mimi na nyapara tukahamishiwa Izigo, upande wa Muleba, chini ya Bwana Shamba mwenyewe. Mwingereza mrefu huyo, akitaka kukuna goti lake ilibidi atume mtu. Lakini kazi alikuwa anaijua, nisimwonee.

Mwaka huo jua liliwaka! Senene wangekuja, wangetua wameshakaangwa. Nyasi za rweya, yale malisho yetu ya wazi, ziliungua zote, ikabaki majivu. Ndipo tukafika kwa Ma Kokubelwa, mukaikuru mmoja, yaani bibi mtu mzima, mjane. Kibanja chake, migomba na kahawa kuizunguka nyumba, kilikuwa na kunguni mpaka miti inacheza bila upepo.

Bwana Shamba akasema, "Mama, hii kahawa itaambukiza majirani. Tutapuliza dawa, na kila mti uwekewe nyasi kwenye shina. Nikirudi nikakuta wadudu wamejaa hivi, tunang'oa, tunachoma."

Nikamtafsiria kwa Kihaya. Hakulia. Akasema, "Waitu, mwanangu, mwambie kahawa hii aliipanda mume wangu, na mwenyewe amelala hapo katikati yake. Je, na yeye atang'olewa?"

Hilo sikulitafsiri lote. Nilisema tu, "Bwana, mama amesikia."

Tukapuliza. Tuliporudi, kunguni wameongezeka. Bwana Shamba akabetua midomo, akasema atatoa nafasi moja tena. Mama akatukaribisha ndani. Mnajua kwetu, nyumba yenye adabu hutandikwa nyasi sakafuni, na mgeni mkubwa hutandikiwa nene. Bwana Shamba akanyoosha ile miguu, mukaikuru akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mzungu akatafuna, akafurahi, akaondoka.

Safari ya tatu nyasi za ndani zilikuwa godoro. Bwana Shamba alikaa akazama, nusura asinzie. Lakini nje, mama yangu! Kunguni walikuwa wanapanga foleni kupata nafasi kwenye tawi. Nyapara akaanza kunoa panga.

"Bwana, tuanze?"

Ma Kokubelwa alikuwa amesimama pale alipolala mumewe, ameshika mti mmoja kama unavyoshika mkono wa mgonjwa. Mimi bomba likanielemea mara mbili.

"Ngoja," akasema Bwana Shamba. "Jirani huyu hapa, jua moja, dawa moja. Mbona kwake wadudu ni wachache?"

Akavuka ua, akachuma jani la kahawa ya jirani, akalitafuna. Uso ukajikunja kama nguo inayokamuliwa. Akarudi akachuma la Ma Kokubelwa, akatafuna polepole kama mbuzi. Uso hata haukutingishika. Akatugawia na sisi tuonje. Kweli kabisa! La jirani lilikuwa chungu mpaka masikio yanalia. La mama lilikuwa kama kutafuna kapu kuukuu.

Akapiga magoti, akatia mkono udongoni. Kwa jirani, chini ya nyasi, ubaridi. Kwa mama ungeweza kuchoma ndizi.

"Sikilizeni," akasema. "Mti una dawa yake ndani ya jani. Ule uchungu ndio bomba lake. Kiu ndogo inaukasirisha mti, uchungu unakolea, kama huyu wa jirani. Kiu kubwa inaukatisha tamaa. Mti unafunga vile vinywa vidogo vya majani ili maji yasitoke. Ukifunga vinywa hauli, usipokula utapika dawa na nini? Mdudu anakuta mlango wazi na chakula mezani. Bomba analeta dawa leo, kesho wanakuja wadudu wengine."

Halafu akasimama, mrefu kama mnazi. "Niliagiza nyasi kwenye kila shina. Nyasi za mama huyu ziko wapi?"

Ma Kokubelwa akatazama mbingu. Nyapara akatazama panga. Mdomo wangu haujawahi kunisubiri hata siku moja. Nikasema, "Bwana, kwa heshima zote, umetoka kuzikalia sasa hivi."

Ndivyo ilivyokuwa! Rweya imeungua, nyasi zingine atoe wapi? Kila tulipotangaza kuja, mama aliogopa, akazoa nyasi mashinani, akazitandika ndani ili Mzungu aone heshima, alegeze moyo. Alivyozidi kumheshimu, ndivyo kahawa ilivyozidi kukauka.

Mukaikuru akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo mtu anayekuja kuamua kahawa yangu nimkalishe kwenye vumbi?"

Nikatafsiri, safari hii lote. Bwana Shamba akawa mwekundu kama buni iliyoiva. Nyapara akajiandaa kukimbia. Halafu yule mtu akacheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mama, mimi nikalishe kwenye vumbi. Kahawa ndiyo ikae kwenye nyasi!"

Siku hiyo tulizoa nyasi zote ndani, nyapara naye, panga kalitupa. Tukatandaza mashinani. Maji ya kuoshea vyombo na ya kuoga yakawa yanamwagwa humo kila jioni, mpaka manyunyu ya kwanza yakaja.

Tuliporudi, Bwana Shamba alikaa kwenye vumbi bila kuombwa. Akampa nyapara jani la Ma Kokubelwa aonje. Nyapara alitema mate kutoka Izigo mpaka Kishanda! Kunguni waliobaki niliwamaliza kwa nusu bomba. Ma Kokubelwa akaenda pale kwa mumewe, akakaa chini, akashusha pumzi moja ndefu, migomba yote ikapepea.

Nimebeba bomba mpaka mgongo ukachukua umbo lake. Nikiulizwa nilijifunza nini, nasema hivi: ukikuta wadudu, kabla hujapampu, tia mkono udongoni. Huenda mti una silaha zake, umekosa maji tu ya kuzinoa.

Nilipostaafu, Waingereza nao wakikaribia kufunga mizigo, majirani walinifanyia sherehe. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilijaa mitungi, na nyumba yangu ikatandikwa nyasi mpaka magotini. Ma Kokubelwa akaja na fimbo yake, amezeeka sasa. Akafika mlangoni, akasimama. Akatazama zile nyasi, akanitazama mimi niliyezikalia kama chifu, akapiga kelele mbele ya watu wote:

"Bomba! Umestaafu juzi tu, leo umeshaanza kufuga kunguni!"