Siku Nathanaeli Alipotakiwa Asiitaje Toyota

Mimi naitwa Lydia. Nimeolewa na Nathanaeli, na Nathanaeli ameoa Toyota. Nasema hivi mbele za Mungu. Kwetu Akeri, kwenye mteremko wa Mlima Meru, wanaume wengine wakiamka wanakwenda kuangalia kahawa, wengine wanakata migomba ya kulisha ng'ombe. Wangu anakwenda kwanza kuisalimia pikapu. Anaipigapiga boneti, anaiuliza, "Umelalaje, mama?" Mimi niko jikoni, moshi umeniingia machoni, na hakuna aliyeniuliza nimelalaje.

Wala sisemi kwamba pikapu haina kazi. Ndiyo inayopeleka ndizi zetu sokoni, ndiyo iliyonikimbiza hospitali na uchungu wa Brayson, mwanetu wa pekee. Siichukii hata kidogo. Kinachonichosha ni mdomo wa mwenye pikapu. Anza naye habari ya mvua, atakufikisha Japani. Anza naye habari ya bei ya maharage, atakufikisha Japani. Kwenye mazishi ya jirani yetu Koikai alipewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi. Akasimama, akasema marehemu alikuwa mtu wa kutegemewa, asiye na makuu, na kwamba maishani mwake amezikuta sifa hizo kwa wawili tu: marehemu, na injini ya dizeli ya Toyota. Mchungaji alikohoa mpaka nikadhani anaumwa. Na ng'ombe wetu mnamjua anaitwa nani? Anaitwa Krauni. Ndama wake ni Korola.

Halafu kuna ile habari ya Mlima Fuji. Alisoma mahali kwamba mwaka 1951 gari la kwanza la Toyota la kupanda milima, kabla halijapewa jina la Land Cruiser, lilipanda Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Basi hakulala vizuri tena. Kama Fuji umepandika, Meru una nini? Jumamosi moja akawasha pikapu, akakatiza kwenye mashamba ya watu akielekea juu. Jamani, hata msituni hakufika. Alikuwa anakitazama kilele badala ya kutazama mbele, akakigonga choo cha shangazi yangu Simaloi, na shangazi yumo ndani. Mabati yaliondoka, shangazi akabaki. Mume wangu akashuka mbio, nami nikadhani anakwenda kuomba radhi. Akasema, "Shangazi, umeiona bampa? Haijakunjika hata kidogo!" Shangazi Simaloi mpaka leo haitikii shikamoo yake.

Sasa huyo ndiye mtu ambaye mwanangu alihitaji anyamaze.

Brayson alimpata binti anaitwa Princess, mwalimu wa chekechea, wa familia ya Wachaga wa Machame wanaoishi Olasiti, upande wa pili wa mji wa Arusha. Binti ana adabu, anacheka kwa moyo, na alipokuja kututembelea alikula loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando bakuli mbili, akaomba na ya kubeba. Nilimpenda palepale. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Reginald, mfanyabiashara wa mbao. Mzee Reginald ana gari la zamani la Kiingereza, la kijani, ambalo analiosha kwa shampuu ya mkewe, na akisikia neno Toyota anasonya. Princess mwenyewe alituonya. "Mama," aliniambia, "kuna mchumba wa dada yangu alifukuzwa kwa kulinganisha hayo magari. Na alikuwa daktari!"

Tangu siku hiyo Brayson akawa hali wala hanywi. Kijana mzima, ndevu zimejaa, ananifuata jikoni, ananifuata zizini, "Mama, baba ataniharibia. Mama, mimi bila Princess sijui nitaishije." Roho iliniuma. Ukiwa na mtoto mmoja, furaha yake ndiyo furaha yako yote.

Bahati nzuri, desturi ilikuwa upande wetu. Siku ya posa baba wa kijana hasemi kitu. Msemaji ni mshenga. Baba anakaa ameshika magoti mpaka binti aitwe na aulizwe kama anawafahamu wageni. Akifungua mdomo kabla ya hapo, wageni wanapigwa faini, na faini ni chochote watakachotamka wenyeji. Tukamwomba Mzee Manase awe mshenga, mwinjilisti mstaafu, mtu wa maneno laini. Na Brayson akamshika baba yake mikono yote miwili.

"Baba, nakuomba. Siku moja tu. Usiseme hata neno tairi."

Nathanaeli akamtazama mtoto wake. "Mwanangu, kwa ajili yako nitakuwa bubu," akasema, na machozi yakamlengalenga. Nikajua safari hii ameelewa. Loo, mwanamke mjinga mimi.

Siku ikafika. Pikapu tukaificha mtaa wa pili, nyuma ya duka la dawa za mifugo, ili Mzee Reginald asiione, tukatembea kwa miguu. Mzee Manase amebeba ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mume wangu kreti ya soda, mimi mkungu wa ndizi kichwani na viatu virefu miguuni, vumbi la Olasiti linanipanda mpaka magotini. Brayson, kwa kuwa desturi haimruhusu kuwepo, alikuwa ametangulia mbele kidogo, Kisongo, kwenye kibanda cha nyama choma. Akaanza kunitumia ujumbe kabla hata hatujabisha hodi.

"Mama, amenyamaza?"

"Amenyamaza."

"Na sasa hivi?"

"Amenyamaza! Kula nyama!"

Tukapokelewa vizuri. Sebuleni walikuwepo Mzee Reginald na mama yake, Bibi Aika, kikongwe mwembamba aliyejifunga khanga mbili, macho yake hayakosi kitu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamtilia Nathanaeli pipi ngumu shavuni, kwa usalama. Mzee Manase akaanza maneno yake: tumepita njia, tumeona ua zuri kwenye bustani hii, tungependa kujua mwenye bustani. Kazi nzuri kabisa. Kisha Mzee Reginald akauliza, "Na mmefikaje hapa?"

"Kwa miguu," akasema Mzee Manase.

"Kutoka Akeri?"

Mzee Manase hajazoea kudanganya. "Mungu ni mwema," akasema, akainama.

"Poleni sana! Basi mngesema niwafuate." Mzee Reginald akavuta pazia tuone uani. Gari la kijani lilikuwa pale, linang'aa. "Hilo ndilo gari, Mzee Manase. Sio hivi vikopo vya Kijapani." Nikasikia pipi inapasuka, krak! Nikamfinya mume wangu paja. Mzee Reginald bado anaendelea. "Wajapani wanajua nini? Kwanza hao Toyota walikuwa wafumaji wa nguo! Wafumaji! Mtu anatoka kwenye uzi anakwenda kwenye injini, wapi na wapi?"

Hapo ndipo tulipokwisha. Angetukana tu, Nathanaeli angevumilia. Angesema uongo, angevumilia vilevile, maana nilikuwa nimemfinya mpaka kucha zinaniuma. Lakini lile lilikuwa kweli, na kwa miaka yote niliyoishi naye hajawahi kulisikia kutoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Akasimama wima. Uso wake unang'aa kwa furaha.

"Kweli kabisa, mzee! Umejuaje?"

Simu yangu ikatetemeka: "Mama, amenyamaza?" Nikaikalia.

"Faini!" akasema Mzee Reginald.

"Faini baadaye," akasema Bibi Aika. "Mwacheni amalize. Hao wafumaji ndio akina nani?"

Mungu wangu. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia Nathanaeli amalize. Akasogeza kigoda, akaketi karibu na bibi, akaanza.

"Bibi, wanasimulia kwamba kulikuwa na kijana anaitwa Sakichi, mtoto wa seremala wa kijijini. Mama yake alikuwa anafuma nguo kwa mkono, kazi inamchosha, na kijana anaona. Akachukua mbao, akaharibu nyingi, akaunda mtambo wa kufumia ulio mwepesi kuliko ule wa mama yake. Hakuishia hapo. Miaka ikapita, akaunda mwingine ambao uzi ukikatika, mtambo unasimama wenyewe. Wenyewe, bibi! Na Waingereza," hapo akamgeukia Mzee Reginald, nami nikafumba macho, "Waingereza wenye viwanda vya mitambo walilipia haki ya kuutengeneza kwao. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeingia kwenye magari. Ukoo wao ni Toyoda, lakini gari wakaliita Toyota, kwa sababu kwa maandishi yao unalivutia kalamu mara nane, na nane kwao ni bahati. Ndiyo maana leo hii ukikwama porini kule Longido, hata mchunga mbuzi anajua plagi ziko wapi, na spea unaikuta mpaka kwa muuza mkaa! Watu wanadhani tunalipenda kwa sababu ya injini. Mimi nalipenda kwa sababu lilianza na mtu kumwonea mama yake huruma."

Bibi Aika akavuta ncha ya khanga, akajifuta macho. Kisha akamgeukia mwanawe polepole.

"Reginald."

"Naam, mama."

"Wewe una mbao ghala zima. Mimi umenitengenezea nini?"

"Mama, mbele ya wageni..."

"Stuli yangu ina miguu miwili tangu Krismasi. Naiegemeza ukutani."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilijizuia, kicheko kikatokea puani. Mzee Manase naye akainamia ndoo ya mbege, mabega yanamcheza. Mzee Reginald akasimama kwa hasira.

"Posa hii imekwisha," akasema. "Chukueni mbege yenu, chukueni na ndizi zenu. Sitoi binti kwenye nyumba ya watu wa namna hii."

Kicheko kikanikauka. Akilini nilimwona mwanangu kule Kisongo, sahani ya nyama imepoa mbele yake, anasubiri jibu langu. Ningemwambia nini? Nikamtazama Nathanaeli. Niliwahi kumwona mume wangu siku mvua ya mawe ilipomaliza kahawa yote, lakini sura ile sikuwahi kuiona. Alionekana mzee ghafla.

"Mzee Reginald," akasema taratibu, "kosa ni langu. Mtoto hana kosa. Nipige faini yoyote, ila usimwadhibu yeye."

"Yoyote?"

"Yoyote."

Mzee Reginald akafikiri, na nikaona amefurahia alichokifikiria. "Basi toka nje, ingia kwenye gari langu. Kaa mbele, funga mkanda, shusha kioo. Kisha useme kwa sauti, majirani wote wasikie, kwamba hili ni gari zuri."

"Mama Brayson," akaninong'oneza Mzee Manase, "twende tukachukue pikapu."

Nami niliona vilevile. Mnamjua mume wangu? Masika ya juzi alikataa lifti ya mkuu wa jimbo letu la kanisa, mvua inamwagika, kwa sababu tu gari lilikuwa la Kijerumani. Alifika nyumbani amelowa mpaka soksi, anajisifu. Mtu huyo ndiye anaambiwa akalisifu gari la Mwingereza, mchana kweupe, mbele ya watu wa Olasiti.

Nathanaeli akaweka chupa ya soda chini. Akatoka.

Tukamfuata kwa macho dirishani. Alilizunguka lile gari, akavua kofia, akafungua mlango, akaingia. Akafunga mkanda. Akashusha kioo. Majirani walishaanza kujipanga kwenye ua wa michongoma, mama mmoja na mwiko wake wa ugali mkononi. Mume wangu akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akafungua tena.

"Hili ni gari zuri!"

Mbwa akabweka.

"Zuri sana!" akapaza zaidi, sauti inamkatika. "Na kiti chake ni laini! Mwanangu ni kijana mwema, na gari hili ni zuri!"

Hayo ya kiti hakuna aliyemwagiza. Hayo ya mwanawe ndiyo yaliyonimaliza kabisa. Mzee Reginald alikuwa amesimama nyuma yangu, nikasikia anakoroma, nikageuka. Anacheka! Anacheka mpaka ameshika pazia asianguke. Akarudi akaketi, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mwiteni binti," akasema.

Princess akaja, amejifunika kitenge, akapiga magoti. Baba yake akamuuliza kama inavyoulizwa: "Princess, unawafahamu wageni hawa?"

Akanitazama mimi. Akamtazama Mzee Manase na ndoo yake. Kisha akatazama nje dirishani, ambako Nathanaeli alikuwa bado amekaa wima ndani ya gari la kijani na mkanda wake kifuani, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke.

"Yule aliyeko kwenye gari, baba, ndiye baba mkwe wangu," akasema. "Hawa wengine wamemsindikiza."

Bibi Aika akapiga kigelegele, nami nikalia mbele za watu bila hata kutafuta leso.