Kilio cha Bwana wa Ukutani

Gershom Mwarandu alikuwa mtu wa Rabai, mtu wa kanisa, na mtu wa mambo yaliyonyooka. Kola yake imenyooka, njia ya nywele zake imenyooka, na tangazo alilolibandika yeye lilikaa wima kama askari kwenye gwaride. Ndiyo ilikuwa kazi yake wakati wa vita: kuzunguka Changamwe na ndoo ya gundi na burashi, akibandika makaratasi ya serikali kwenye kuta za maduka. Ulikuwa mwaka wa njaa, mahindi yakipimwa kwa kibaba, na kazi ile ilikuwa na posho ya unga. Nyumba nzima ya Gershom ilikula kwa burashi lile.

Sasa likaja karatasi jipya, la kung'aa, lenye picha ya mwanamume aliyeweka kidole mdomoni. Chini yake neno moja: NYAMAZA. Maana yake watu wasiropoke habari za meli za bandarini. Gershom alilibandika kila mahali, akalala amefurahi.

Asubuhi akakuta umati kwenye ukuta wa duka la Ishaka. Usiulize walikuwa wakicheka nini. Mtu alikuwa amechora kwa kipande cha makaa, na yule bwana hakunyamaza tena: alikuwa anatafuna muhogo. Kidole kimeshika muhogo, shavu limevimba.

Kesho yake alikuwa na hindi la kuchoma. Kesho kutwa, mguu wa kuku. Watu wenye njaa wakawa wanapita ukutani kabla ya kwenda kazini, wanaulizana, "Leo anakula nini?"

"Pweza," anajibu mmoja.

"Pweza! Na nazi?"

"Nazi sikuiona."

"Basi si mtu wa pwani huyo."

Mchoraji hakujificha. Alikuwa Kalama, kibarua wa reli, na alichora ukuta baada ya ukuta, mchana kweupe, huku akimpungia Gershom mkono. "Mtani, bwana wako amekonda! Serikali haimlishi, acha nimlishe mimi!"

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Ukoo wa Kalama na ukoo wa Gershom ni watani tangu mababu. Mtani akikutukana, unacheka. Akikuchukulia kofia, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako, na faini juu yake. Kumshitaki mtani kwa polisi ni jambo ambalo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kulifanya. Kwa hiyo Gershom alisimama mbele ya ukuta akicheka, machozi yakimlengalenga.

Kisha bwana mkubwa wa ofisi akatuma habari: Jumamosi atakuja mwenyewe kukagua matangazo. Likionekana moja limechafuka, mbandikaji aache ndoo na aende zake.

Gershom alifika nyumbani akakaa kitako kwenye kizingiti. "Mama Rispa, tumekwisha. Nikifuta anachora tena, makaratasi mengine hakuna, na Kalama siwezi kumkataza."

Milcah, mkewe, alikuwa anachekecha unga. Hakuinua macho.

"Baba Rispa, mtani ana ruhusa ya kumcheka mtu wakati gani?"

"Wakati wote."

"Hata akiwa maiti hajaoshwa?"

"Ah, hapo hapana. Hapo mtani ndiye wa kumwosha."

Milcah akaweka chekeche chini. "Basi huyo bwana wako wa ukutani na afe."

Jumamosi alfajiri mwanamke yule alijifunga kaniki ya msiba, akatandika mkeka chini ya ukuta wa Ishaka, akapiga kilio kilichowatoa watu vitandani hadi kule Jomvu Kuu.

"Kafa! Kafa na chakula mdomoni! Amevimbiwa!"

Wanawake walifika mbio, vichwa wazi. Walipouliza nani, wakaonyeshwa ukuta. Mapenzi, muuza mbaazi, alitazama ukuta, akamtazama Milcah, kisha naye akaketi mkekani akalia, maana msiba ukishaanza hauulizwi sana.

Kalama aliitwa. Alikuja akicheka, lakini alipoona kaniki na mkeka kicheko kikamkauka.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Mtani umefiwa," alisema Milcah. "Ulimlisha wewe. Mwoshe."

"Nioshe karatasi?"

"Ulipokuwa ukimlisha hakuwa karatasi."

Watu wakaguna kuunga mkono. Kalama aligeuka huku na huku, hakuona pa kutokea. Mtani aliyeitwa kuosha akikataa, nani atamzika yeye siku yake? Akapewa ndoo na kitambaa. Akamfuta pweza, taratibu, kuanzia mikono kama inavyotakiwa.

"Marehemu ana miili mingi," Milcah akamkumbusha. "Yote ioshwe."

Basi kilio kikahama, ukuta hadi ukuta, Kalama mbele na ndoo, Gershom nyuma yake kainamisha kichwa kama mfiwa mkuu. Karatasi lilikuwa la kung'aa, kaa halikulishika sana. Waliporudi kwa Ishaka kuta zote zilikuwa safi.

Ila mtani ana haki moja baada ya kuosha: kumwigiza marehemu alivyokuwa, na yeyote msibani atakayecheka atoe jogoo. Kalama hakuiacha haki hiyo. Akajilaza mkekani, akatoa macho, akaweka kidole mdomoni.

Umati ukatetemeka kwa kicheko cha kujizuia. Mwaka ule nani alikuwa na jogoo wa kutoa? Kila mmoja akabana mdomo kwa kidole, wazee kwa watoto, wote kimya.

Hapo ndipo gari la bwana mkubwa liliposimama.

Mzungu alishuka, akaona mtaa mzima umesimama mbele ya tangazo lake, kidole mdomoni, hakuna anayekohoa. Macho yao yalikuwa yamejaa machozi.

"Gershom," alinong'ona, "wamekaa hivi tangu lini?"

Gershom alijua akifungua mdomo atacheka. Akaweka kidole naye.

Mzungu alivua kofia, akarudi garini kwa kunyata. Dirishani akasema polepole kwamba Gershom abaki kazini, na kuanzia Jumatatu achukue na kuta za Kisauni.

Gari lilipopotea, mtaa ukalipuka. Gershom ndiye aliyeanza, na jogoo akatoka kwake. Kalama aliondoka na jogoo kwapani.

"Kisauni, eh?" alisema. "Nina binamu zangu huko, mtani. Nitawapelekea salamu zako."