Jiwe la Nasma

Sadick, shemeji yangu, aliwapitisha wageni kwenye makaburi ya watoto wetu, akawaacha wang'oe mawe, na leo sijui mwanangu amelala wapi. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu kila nikilieleza watu hunikatiza kabla sijafika mwisho.

Walikuja Jumamosi kutoka Dar es Salaam, klabu ya watu wanaotembea kwa miguu kwa kujifurahisha. Mpango ulikuwa washukie Somanga barabarani, wakatize kwenye mikorosho na vichaka mpaka pwani, wapate chakula, kisha gari liwafuate. Sadick, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyewaongoza njia, kwa malipo. Mimi aliniomba niwapikie, nami nikafurahi. Nilipika wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga, nikakaa kwenye banda la wavuvi kuwasubiri.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wanacheka, na kila mmoja amebeba jiwe, huyu begani, huyu amelikumbatia kifuani.

"Mama, shikamoo! Msosi upo?"

"Marahaba, upo. Na hayo mawe, mnakuja kujenga?"

"Ndiyo desturi yetu," alisema mkubwa wao, Dominick, mtu mnene mwenye kofia pana. "Kila safari, kila mtu anaokota jiwe njiani. Tukifika tunayapanga moja juu ya jingine, iwe kumbukumbu yetu. Asiyebeba hali!"

"Dominick jiwe lake ni hilo tumbo," mmoja akadakia. Wakacheka, na mimi nikacheka.

Nilikuwa napakua walipoanza kuyapanga. Msichana mmoja, Antonia, akaweka la kwake juu kabisa. Lilikuwa jiwe la matumbawe lenye tundu katikati, kidole gumba kinapita. Upawa ulinitoka mkononi.

Jiwe lile nililiokota mwenyewe. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Siku Nasma alipofariki, mtoto wa pekee niliyemzaa, nilibaki ndani na wenzangu, wanaume wakambeba. Sadick ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea na kumlaza. Baadaye alinipeleka, akanionyesha mahali, nikaweka jiwe lenye tundu upande wa kichwani. Makaburi ya watoto pale yamebanana, yamelala sawa na mchanga, alama ni jiwe tu, na hatuandiki majina. Hata tungeandika, mimi sijui kusoma. Niliweka jiwe nisije nikampoteza.

"Hili umelitoa wapi, mwanangu?" nilimuuliza Antonia.

"Kule vichakani, mama. Nimelipenda hilo tundu. Vipi?"

"Kule wapi?"

"Kulikuwa na mawe mengi yamesimama. Tulimuuliza kaka Sadick, akasema ni mawe tu."

Nilimgeukia Sadick. Alikuwa ananawa mikono.

"Shemeji," akasema bila kunitazama, "wape watu chakula kwanza."

"Ni kaburi la Nasma hili."

Antonia akaziba mdomo. Dominick akavua kofia, akaniomba radhi, na sikuwa na sababu ya kudhani anaigiza. Waliacha chakula, wakayabeba mawe, tukarudi wote kule.

Tulipofika, mchanga ulikuwa umevurugwa kwa viatu.

"Langu nililitoa hapa."

"Wewe nawe, hapo nilitoa mimi!"

Antonia alipiga magoti mahali pamoja, akainuka, akapiga mahali pengine, analia. "Mama, nakumbuka palikuwa na kichaka." Pale kila mahali pana kichaka. Na mimi nilizunguka kama wao. Nilikuwa naujua upande tu, maana siku zote nilifuata jiwe, sikuwahi kuitazama ardhi.

Nikamwambia Sadick, "Wewe ndiye uliyemlaza. Nionyeshe."

"Miaka mingi, shemeji. Sikumbuki."

Mwaka huu huu, kabla ya mfungo, alikwenda kufyeka pale, na aliporudi alipita kwangu akasema, "Kwa Nasma nimeshapasafisha." Anakumbuka. Ila akinyoosha kidole sasa, wazazi wote watajua kwamba hata aliposema ni mawe tu alikuwa anajua amesimama wapi, na wageni wa kuwaongoza hatapewa tena.

Basi mawe yakawekwa popote, gari likapiga honi, wakaondoka. La kwangu nilikataa lisiwekwe kwa kubahatisha.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. "Adija, watu wameshaomba radhi. Unataka nini tena?" Nilikwenda kwa shehe, akaniambia nisome dua, itamfikia popote alipo. Nasoma. Lakini nikienda makaburini naishia ukingoni, nimeshika kandambili mkononi, kwa sababu sijui nikanyage wapi nisimkanyage. Nasimama mpaka jua linakuwa kali, kisha narudi nyumbani.

Wale wa klabu siwadai. Antonia bado hunipigia simu, nami huishia kumbembeleza yeye. Ninayemdai ni Sadick. Simwambii asimame mbele ya watu. Aje hata peke yake, hata asiseme neno, aweke mkono juu ya mchanga nipaone. Jiwe liko nyuma ya mlango wangu. Kila siku anapita hapa nje akienda pwani, ananisalimu, na mimi namwitikia.