Samaki Waliokuja Bila Mwito

Nimekunywa maji ya mito mingi tangu nianze kutangatanga, na hata sasa nikifika mto nisioujua nasimama kwanza, nasikiliza. Tabia hiyo nilitoka nayo kwetu Kalembe, miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakitawala.

Kwetu wanawake walivua wakati wa kiangazi. Walitwanga majani ya utupa, wakayamimina mtoni, samaki wakalewa na kuelea. Lakini kabla ya kumimina, mmoja wao alipanda jiwe akapaza sauti kuelekea bondeni: "Choteni!" Wa kijiji cha chini wakaujibu mwito na kuwapelekea wa chini yao, kila mtu akajaza mtungi kwanza. Kumimina bila kuita kulikuwa aibu kubwa kuliko kuiba kuku.

Asubuhi moja, nikiwa nyumbani likizoni, samaki walielea bila mwito wowote. Wanawake waliingia majini na vikapu vyao, wakicheka.

"Wale wa juu hawana adabu," alisema mmoja, "lakini leo watatushibisha!"

Dada yangu naye aliokota, ingawa alikuwa mjamzito na tumbo limekuwa kubwa. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu Mama aliichunga kama mtu anavyokinga moto wakati wa mvua.

Sufuria ilikuwa imeshaanza kuchemka Mama alipomwona kaa amelala chali kati ya mawe ya mto, kisha wa pili, kisha wengi. Utupa hauui kaa. Alirudi jikoni, akaimwaga sufuria yote majivuni.

"Mama! Chakula yetu njo hiyo!" dada alilia.

"Utakula majani ya sombe. Na maji ya muto usiiguse."

"Nikunywe nini basi? Hata robine inatoa maji ya muto ileile."

Alisema kweli. Robine, ile koki ya mbele ya dispensere, ambayo tulijivunia mbele ya wageni, ililetewa maji na bomba kutoka mto huohuo.

Mama akashika fimbo, nikamfuata. Katika kijiji cha juu tulimkuta mama mmoja mzee amekaa kando ya kikapu chake cha samaki, amekasirika kutushinda.

"Weye unakuja kutugombeza? Na sisi hatukuitiwa!"

Akaungana nasi. Tulipanda mpaka shamba la mzungu mmoja mfugaji. Pale palikuwa na shimo refu la simenti, ambamo ng'ombe waliogeshwa kwa dawa ya kupe. Wafanyakazi walikuwa wakilitoa maji yaliyochoka, meupe kama maziwa, nayo yakiteremka kwa mfereji hadi mtoni.

"Mama, usiogope," alisema kapita, msimamizi wao. "Iko dawa ya ngombe tu."

"Ngombe anaikunywa?"

"Ah, hapana! Akikunywa anakufa."

Wenzake waliangua kicheko. Yeye alitaka kucheka pia, akakomea njiani.

"Binti yangu iko na mimba," Mama alisema. "Njo maji anakunywa."

Kapita aliutazama mfereji. Akasema mzungu ndiye aliyeuchimba, na atakayeuziba atafukuzwa kazi.

"Sikukuambia uzibe. Ita! Hata wanawake wa utupa wanaita."

Dawa haikuacha kumwagwa. Lakini mara iliyofuata mwito ulishuka kutoka mlimani, sauti ya mwanamume, ya kukwaruza. Wanawake walisema analia kama ndama aliyepotea, huku wakikimbilia mitungi. Kwa siku kadhaa hakuna aliyefungua robine.

Dada hakuonja tena maji ya mto. Chemchemi ilikuwa ng'ambo ya kilima, njia mbaya, na Mama alimletea kila mtungi kwa kichwa chake, magoti yakimuuma, hakukubali nimpokee, alisema nitamwaga.

Mtoto alizaliwa mvua ilipoanza. Alikawia kidogo kutoa sauti, kisha akalia mpaka majirani wakatoka nje.

"Ita tu," Mama alisema, akikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ita, mutoto wangu. Tunasikia."