Migomo Mitatu, Kalamu

Filamu yenyewe ni mbovu. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeipa kurasa arubaini na mbili za tasnifu yangu, na msomaji ana haki ya kujua. Ni vichekesho vya miaka ya tisini, sehemu ya pili ya kisa ambacho sisi watu wa Changamwe hatukuwahi kuiona sehemu yake ya kwanza. Inahusu timu ya besiboli iliyokwisha kushinda kila kitu na sasa imenenepa na kujisahau. Wachezaji wanafanyiana mizaha ileile waliyofanyiana, nadhani, walipokuwa wembamba. Kuna kuku wa mpira anayejazwa upepo na kupasuka mara tatu. Hata mara ya kwanza hachekeshi.

Mwezi uliopita niliitazama tena sebuleni kwa baba, Mikindani, tarakilishi ikiwa juu ya stuli na daftari gotini. Baba aliketi kando yangu. Ilipofika sehemu ambapo mchezaji mnene anasimama na gongo lake, anaukosa mpira mara tatu, kisha anatoka uwanjani akilia ndani ya kofia, baba aliinuka akasema anakwenda kutazama kama maji ya mfereji yamekuja. Alikaa huko hadi filamu ikaisha. Niliandika pambizoni: "Mhojiwa aliondoka kabla ya mwisho." Sikumuuliza kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoiona mara ya kwanza, Jumapili baada ya ibada, katika banda la video la mabati nyuma ya maghala ya Changamwe. Watazamaji karibu wote walikuwa wamefanya kibarua katika ghala moja, baba miongoni mwao. Hakuna aliyejua Kiingereza cha kutosha, na hakuna kabisa aliyeijua besiboli. Kwa hiyo mbele, kando ya televisheni, aliketi mtafsiri na kipaza sauti chake. Kazi yake ilikuwa kuwasemea wote waliokuwa ndani ya kioo: wanaume, wanawake, hata mbwa. Kila mchezaji alipoukosa mpira, mwamuzi alipaza sauti kwa neno moja la Kiingereza, "strike". Kwa watu wa mchezo ule, neno hilo ni pigo lililokosa. Kwa watu wa Changamwe, waliokuwa wamelisoma kwenye matangazo yaliyobandikwa getini, lilikuwa na maana moja tu. Mtafsiri hakusita.

"Mgomo wa kwanza!"

Watu wakatazamana.

"Mgomo wa pili!"

Banda likatulia tuli.

"Mgomo wa tatu! Kalamu! Nenda nyumbani, Bwana Mgomo!"

Mabati yalitikisika kwa kicheko. Wiki chache kabla ya hapo vibarua walikuwa wamegoma kwelikweli, wakapigwa kalamu wote, baba akiwamo. Sasa mbele ya macho yao mzungu mnene alikuwa akifutwa kazi kwa kosa lao. Wanaume walisimama juu ya mabenchi. Kisha wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama baba, wakacheka zaidi. Baba naye akacheka. Nami, ubavuni pake, nikacheka kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nimeelewa kwamba baba yangu ndiye shujaa. Tangu siku hiyo akawa Bwana Mgomo: kwa kinyozi, kwenye mfereji, hata mazishini. Niliitwa binti Bwana Mgomo hadi nilipoingia chuo kikuu, na nililipokea jina hilo kama mtu anavyopokea urithi.

Juu ya kicheko hicho nilijenga nadharia. Nilidai kwamba mtafsiri alikosea kwa makusudi. Kwamba alilinyakua neno la mchezo wa wenye nafasi akalitia kinywani mwa wasio nayo. Kwamba gongo, ambalo yeye aliliita "rungu", lilikuwa limetolewa mkononi mwa mlinzi wa geti likakabidhiwa mfanyakazi. Kwamba mwamuzi, aliyemwita "karani", alifunikwa uso kwa barakoa kwa sababu mamlaka hayana sura. Barakoa ile niliiandikia aya nne. Mwamuzi huivaa ili mpira usimvunje pua.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini wa nje, mama mpole mwenye sauti ya mtu anayeombea chakula, aliufunua ukurasa wa barakoa akaupapasa.

"Unajuaje kwamba mtu huyu alikusudia?"

Nikasema matini yenyewe inaonyesha.

"Matini inaonyesha mtu asiyejua Kiingereza," alisema. "Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Jopo likacheka kwa adabu, kila mmoja akitazama karatasi zake. Nilijibu jambo refu ambalo silikumbuki. Nilipewa wiki sita: nilete ithibati ya kusudi la mtafsiri, au niiondoe sura nzima. Bila sura hiyo, tasnifu haipo.

Mtafsiri nilimpata Kongowea, nyuma ya magunia ya vitunguu, anauza dawa ya panya. Niliisikia sauti yake kabla sijamwona, imerekodiwa, ikitoka katika kipaza sauti kilichofungwa kwenye mkokoteni: "Panya baba, panya mama, panya shemeji aliyekuja siku mbili akakaa mwaka!" Mwenyewe alikuwa amekaa chini ya sauti hiyo, kimya, anakula muhogo wa kukaanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka ya panya au ya mende?"

Nilimweleza habari za filamu, za neno lile, za tasnifu. Alinisikiliza akitafuna.

"Wewe u mwana wa nani?"

"Wa Bwana Mgomo."

Taya zikasimama. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Na wewe wamwita hivyo, kwa kinywa chako mwenyewe?"

Nikasema kwamba ni jina la heshima. Kicheko kikamtoka pamoja na chembe za muhogo.

"Heshima! Wallahi, vitabu vyatia watu upofu. Babako hakugoma, mwanangu. Wenziwe wamekaa nje ya geti siku tatu, jua lawachoma, yeye apita mlango wa nyuma aingia kazini. Siku ya nne karani akafuta orodha nzima, wa nje na wa ndani, hakujisumbua kuchambua. Mtu kafutwa kwa mgomo asiogoma! Haya niambie wewe msomi, tungemwitaje?"

Hapo mwana mwema angeondoka. Mimi niliuliza, na sauti yangu ilikuwa imara kuliko ilivyowahi kuwa mbele ya jopo: "Na neno, mzee? Ulilikusudia?"

"Neno nlikosea. Ule mgomo wa kwanza nlikosea, sikujua ni kitu gani. Wa pili nikatambua, maana mtu hagomi huku kashika rungu yuwataka kupiga. Nikasema hebu nirekebishe. Nikainua macho, nikamwona babako benchi la kati, kavaa shati la kanisani, na mtoto kando. Ule wa tatu, mwanangu, ule ulikuwa wake."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Andika."

Nikaandika.

"Na wewe ndiwe uliyecheka mno," aliongeza. "Hilo ndilo lililotuvunja mbavu." Akanipa pakiti moja ya dawa, akakataa malipo. "Mpelekee babako. Panya nao wapenda mlango wa nyuma."

Nilirudi Mikindani na ithibati niliyotakiwa, tena bora kuliko niliyokuwa nimeitamani: kusudi lilikuwapo, wakati wake ulijulikana, na shabaha yake pia. Ilihitaji jambo moja tu, niandike kwamba baba yangu aliwasaliti wenzake. Wenzangu wanaoandika kwa Kiingereza wana kinga. Wazazi wao huzipangusa tasnifu vumbi bila kuzifungua. Mimi naandika kwa Kiswahili, na baba husoma kila ninachoandika, kisha huwaambia majirani kwamba yumo kitabuni. Kwa siku mbili nilijaribu vificho: "mhojiwa wa pili", "kibarua mmoja", "mtazamaji fulani". Kila kificho kilikuwa sahihi kitaaluma, na kwa kila kimoja mtu yeyote wa Changamwe angemtambua kabla ya kufika kwenye nukta. Ningeweza kuiondoa sura. Niliwaza hilo pia, kwa muda usiotosha chai kupoa.

Niliandika. Alasiri ya siku ya tatu baba, aliyejua jopo lilitaka nini, aliuliza, "Mama, yule mtafsiri amekubali kwamba alikusudia?"

"Amekubali."

"Hebu nione."

Ningeweza kumfungulia ukurasa mwingine. Nilimgeuzia tarakilishi. Akavaa miwani, na kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo, kikipumzika kwenye kila koma kama alivyofunzwa katika shule ya misheni. Kilifika kwenye ile aya. Kikaipita. Kikarudi. Sikumtazama usoni; nilitazama kidole.

"Hapa," alisema hatimaye. "'Aliingia kwa mlango wa nyuma.'"

"Ndivyo alivyosema, baba."

"Hapakuwa na mlango. Ghala lile lilikuwa na geti moja tu. Lilikuwa tundu kwenye seng'enge, la mbwa. Nilipita kwa tumbo." Akavua miwani, akaikunja. "Siku zote tatu."

Wazo langu la kwanza halikuwa la huruma. Lilikuwa kwamba sasa nina mashahidi wawili, na kwamba wa pili ni mhusika mwenyewe. Nililifuta neno "mlango".

"Tundu lilikuwa upande gani, baba?" nilimuuliza, vidole vikiwa juu ya kibodi.

"Upande wa reli," alijibu, akangoja nimalize kuandika.