Mtani wa Mama Njeri

Nakumbuka siku moja ya wiki ya uchaguzi, mwanangu, nilipokuwa msichana mtangazaji wa salamu katika kituo kidogo cha redio pale Malindi. Kulipokucha, vipeperushi vilikuwa vimetapakaa sokoni: watu wa bara wahame kabla ya Ijumaa. Havikuwa na saini. Maneno ya namna hiyo hayana mwenyewe.

Nilipitia sokoni nikamkuta Mama Njeri, muuza viazi na kabeji aliyetoka bara, anafunga magunia. Alikuwa akiuza pale tangu sijavaa sare ya shule. "Naondoka na basi la jioni," akaniambia, akakaza kamba ya gunia.

Kituoni meneja alikuwa keshaamua: leo hakuna salamu, hakuna majina, hakuna mizaha. Ni kaswida na nyimbo za kanisa za huzuni mpaka hali itulie. Nikakubali. Nilidhani huo ndio utu uzima.

Mchana akaingia Mzee Kombo wa Mambrui, mkongwe aliyekuwa mchochea makaa katika meli za Waingereza wakati wa vita vikuu vya pili. Alikuwa msikilizaji wetu wa kila siku.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu niambie, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona basi tangu asubuhi mwatuwekea matanga, nasi tu hai?"

Nikamweleza habari za vipeperushi na za Mama Njeri. Akavuta kiti.

"Nilikuwa bandarini kwao, Uingereza. King'ora kikalia, tukashuka chini ya jengo, sisi mabaharia pamoja na kina mama na watoto. Juu mabomu, chini redio. Redio ile ilikuwa na kazi kutwa: asubuhi muziki wa watu wa viwandani, mchana mapishi ya viazi maana nyama haikuwapo, jioni wachekeshaji. Siku hiyo walikuwa wakimkejeli adui, eti kapoteza suruali, aitafuta Ulaya nzima. Kulikuwa na mama mmoja, nyumba yake imebomolewa asubuhi ile ile. Alicheka akashika mbavu. Kiingereza changu kilikuwa cha melini, nusu sikuelewa, nikacheka naye."

"Hawakuogopa?"

"Waliogopa sana, binti yangu. Ila woga hawakuupa kipaza sauti." Akanitazama. "Na dawa hiyo twaijua sisi tangu zamani. Matangani, mfiwa akikataa chakula, nani humtania mpaka akala?"

"Mtani."

"Haya. Njeri hana mtani pwani hii. Leo anaye. Nipishe nikae penye kipaza sauti."

Nikamtazama meneja aliyekuwa mlangoni, shati limelowa jasho. Akageuka akaenda kunywa maji. Hakutukataza, mwanangu. Nikafungua kipaza sauti.

"Njeri!" Mzee akanguruma. "Nasikia wafunga magunia. Wenda wapi, nawe mpaka leo wali wa nazi wautia maji kama uji? Huna ruhusa. Kaa ujifunze, usituaibishe huko bara!"

Simu ikalia. Mvuvi wa Takaungu akamsalimu fundi cherehani Mluo, akamwambia suruali aliyomshonea inafaa kuwa tanga. Mama mmoja wa Kigiriama akamsalimu jirani yake Mkamba, akadai kuku wa jirani huyo wale mahindi ya nyumba zote mbili kwa haki sawa. Kila mtu akataja jina lake na la jirani yake.

Kisha ikaja sauti nzito: "Zimeni hiyo redio. Tunawajua."

Niliogopa, sifichi. Lakini sauti yangu ilitoka sawa: "Karibu hewani, ndugu. Jina lako nani, tukusalimie?"

Simu ikakatika. Tuliicheka simu ile, nasi tukasikia kicheko kingine dirishani, cha watu waliokuwa wakitusikiliza barazani.

Jioni Mama Njeri alikuja mwenyewe kituoni, kanga imefungwa kiunoni. "Yuko wapi huyo mzee? Aje kwangu kesho ale, aone nani hupika uji!" Basi liliondoka bila yeye. Wengine walikwenda, sitakudanganya, na baadhi hawakurudi. Yeye kesho yake alifungua meza yake, na pembeni, juu ya gunia la viazi, alikaa mtani wake.

Mwanangu, siku hizi vitisho huja kwa simu yako, na wewe huvisambaza ukidhani waonya. Wamtumikia mwoga bure. Ukipokea neno lisilo na mwenyewe, liulize jina. Anayetishwa, mtaje kwa jina lake, mtanie kwa upendo, kaa karibu naye watu wakuone. Mcheke anayetisha, anayelia mpe bega. Wahenga walisema, adui wa mui, yaani mtu mbaya, ni mwema.

Mola akupe ulimi usiotetemeka, na ukitetemeka, akupe nguvu useme hivyo hivyo. Akujaalie majirani wenye kelele nyingi, na mlango usiofungwa kwa hofu. Amina.