Bakapu ya Jumapili Asubuhi

Nyie mnaoimba kwaya Jumapili, mimi nilikuwa nawasikia kupitia dirisha la ofisi. Makanisa ya hapa mtaani kwetu Kashaulili yanafungulia spika kana kwamba Mungu anaishi Tabora, na mimi niko peke yangu na seva, nasubiri mstari wa kijani wa kunakili ufike mwisho. Kazi yangu naipenda. Ile saa ndiyo nilikuwa naichukia, haki ya Mungu.

Kampuni yetu inanunua mpunga kwa wakulima, inakoboa, inauza mchele. Kila gunia lililopita kwenye mzani liko ndani ya ile seva, na mtu wa kompyuta ni mimi tu. Mwaka wangu wa kwanza umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza seva pamoja na diski ya bakapu, yaani ya nakala ya akiba, iliyokuwa imechomekwa hapohapo. Wakulima walijaa mlangoni wakiuliza mzigo wao umeandikwa wapi. Tangu hapo nikaweka sheria: diski inachomekwa wakati wa kunakili tu, kisha naichomoa na kwenda nayo nyumbani kwangu Kawajense.

Sasa tunakili lini? Usiku haiwezekani, bosi anaogopa moto, akiondoka anazima umeme wote kwenye swichi kubwa. Siku za kazi mzani haupumziki, na Jumamosi ndiyo balaa kabisa. Ikabaki Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, mashine za kukoboa za majirani zimezimwa, umeme umetulia. Ratiba niliipanga mwenyewe. Bosi akasema, "Hapo umetumia akili!" Kisha akaenda zake kusali.

Mama yangu anaishi Katumba, kwenye makazi ambako yeye na baba walipokelewa walipotoka Burundi. Katumba si Ulaya, bodaboda anakufikisha hata hujachoka. Lakini kwa Mama siku ya kuonana ni Jumapili, na mahali pa kuonana ni kanisani. Siku nyingine yuko shambani, ukimfuata huko atakupa jembe. Kila Jumapili alikuwa anatandika kitenge kwenye benchi, upande wake wa kulia, kunishikia nafasi. Ibada ikiisha ananipigia simu.

"Kitenge chako nimekikunja tena," anasema.

"Mama, ni kazi."

"Na hiyo mashine yenu haina mama?"

Tunacheka wote. Simu ikikatwa nabaki nimeishika, nakula chapati ya baridi kwenye kiti cha mhasibu. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kukaa kulia kwa Mama, nimwimbie sikioni kwa sauti yangu mbaya mpaka anifinye. Upweke wa Jumapili una njaa yake, na chapati haisaidii.

Baadaye akaacha kutaja kitenge. Akawa ananiuliza tu kama nimekula. Nikaona ameelewa kazi yangu, na jamani, moyo wangu ukapoa.

Njia ilipatikana bosi alipofungua tawi Sumbawanga na kuvuta intaneti ya maana. Nikapanga nakala ijisafirishe yenyewe kila Jumapili hadi kwenye seva ya tawi. Kazi ya mlinzi wetu ni kuwasha swichi asubuhi tu, na ikiisha napata ujumbe kwenye simu. Niliijaribu, nikarudisha mafaili kutoka kule, nikalinganisha na ya huku, nikarudia tena, mpaka bosi akaniuliza kama nina ugomvi nayo. Mama sikumwambia. Nilitaka anione tu nimeingia.

Jumapili yenyewe nikavaa gauni langu la bluu, nikapanda bodaboda huku nacheka peke yangu. Nilipoingia kanisani wimbo wa kwanza ulikuwa umeanza. Mama yuko kwenye benchi lake lilelile. Kulia kwake amekaa binti wa jirani yetu, mtoto mgongoni, ameshika kitabu cha nyimbo. Kila mstari ukikaribia, binti anainama na kumnong'oneza Mama maneno, ndipo Mama anaimba. Nilidhani wanapiga soga. Kumbe Mama haoni tena maandishi. Lini? Kwenye simu tulikuwa tunaongelea chakula.

Nikakaa nyuma yao. Simu ikatetemeka mkobani: nakala imekamilika, hakuna kilichopotea.

Wakati wa kusalimiana, Mama aligeuka. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Akaninyooshea mikono yote miwili, akanitazama usoni, karibu kabisa, kwa upole ule anaowapa watu asiowajua.

"Karibu kwetu, mgeni," akasema. "Umetokea wapi?"